Kupisha Kiti

Kijana mmoja aliingia steshenari kwangu asubuhi, foleni ikiwa bado haijaanza. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha sita na picha mbili za pasipoti zenye mandhari ya bluu. Alitaka kuomba mkopo wa chuo kikuu. Nikamwambia afungue barua pepe yake. Akanitazama tu.

"Paswedi anayo yule dada wa steshenari ya kule stendi," akasema. "Ndiye aliyenifungulia. Aliiandika kwenye daftari lake."

Yule dada alikuwa ameshafunga biashara na kuhamia mkoa mwingine, na daftari ameondoka nalo. Hata namba ya simu iliyosajiliwa kwenye anwani ile ilikuwa yake. Kijana ana miaka 20. Mfukoni ana simu janja ya kuangalizia mpira, na kwa simu hiyohiyo humtumia mama yake hela ya matumizi. Lakini anwani yenye jina lake, ambayo kila chuo na kila ofisi ingemwandikia, ufunguo wake uko kwa mtu ambaye hata jina halijui.

Sikumlaumu yule dada. Foleni ikifika mlangoni, umeme unakatikakatika na mteja anatafuta herufi moja dakika nzima, mdomo husema wenyewe: "Lete hapa nikufanyie." Nami nilishawahi kuwa yeye, zaidi ya miaka 30 iliyopita, kabla sijajua neno barua pepe. Tena niliyemnyima alikuwa mzee wa ofisini kwetu.

Nilisomea uhazili Tabora katikati ya miaka ya 1980. Tulifunikwa mikono kwa kitambaa ili macho yasitafute herufi, vidole vijue njia vyenyewe. Mtihani wa kweli ulikuwa stensili, ile karatasi ya nta unayoipiga taipu bila utepe, herufi zinaitoboa, kisha inakwenda kwenye mashine ya kurudufu. Ukikosea herufi moja unapaka dawa yake nyekundu kwa brashi ndogo, unapuliza mpaka ikauke, unarudi palepale na kupiga upya kwa nguvu ileile, isizidi wala isipungue. Aliyeweza kuchapa stensili safi ya kurasa 10 alikuwa na heshima yake ofisini, hata mkurugenzi alimwita kwa adabu.

Kompyuta yetu ya kwanza ililetwa mwaka 1990, katika shirika la umma nililoajiriwa mjini Morogoro. Wanaozaliwa sasa hawawezi kujua ilikuwa kitu gani kwetu. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Watu huicheka amri ile leo, mimi siicheki. Fedha za kigeni zilikuwa chache, mahesabu yalikuwa yamevurugika, na mashine zenyewe zilitegemea wageni kuziendesha. Nchi ilikuwa imenunua kitu ambacho watoto wake hawakiwezi. Ila marufuku ile, hata baada ya kulegezwa kidogo kidogo, ilituachia jambo moja ambalo halikuondoka kwa tangazo la gazeti la serikali. Tulizoea kuamini kwamba kompyuta ni kitu cha kibali, kwamba lazima awepo mtu wa kuturuhusu.

Ndiyo maana yetu ilipofika ilitengewa chumba. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, wakati mkurugenzi mwenyewe alitumia feni. Mlangoni tulivua viatu. Jioni tuliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kutandika juu ya redio nyumbani, na disketi zilifungiwa kwenye kiboksi cha plastiki chenye kufuli. Ufunguo wake niliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Ilivyokuwa mimi ndiye niliyepewa, sababu yake haikuwa ya heshima sana. Mabosi waliona kibodi inafanana na taipureta, na taipureta ni kazi ya makatibu. Wao waliketi nyuma wakapokea karatasi. Fundi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kuja kuifunga alikuwa kijana tu, mdogo kuliko mimi. Alipomaliza kuunganisha nyaya nilisimama nyuma yake na daftari nikitegemea ataonyesha nami nitaandika. Akainuka, akavuta kiti.

"Kaa wewe, dada," akasema. "Mimi nitasimama."

Siku tatu alisimama. Programu ilikuwa WordPerfect 5.1, skrini bluu tupu kama anga la Januari, hakuna picha wala kipanya. Juu ya vitufe vya F alibandika ukanda wa karatasi ngumu ulioandikwa kazi za kila kimoja. F10 kuhifadhi. F7 kutoka. Shift na F7 kuchapisha. Siku ya pili nilifuta waraka wa kurasa sita. Moyo ulinilipuka, nikadhani nimeua mashine ya shirika. Yeye hakunyoosha mkono. Alisema, "Haijafa. Anza tena, safari hii hifadhi kila aya." Nikaanza tena. Nimefundishwa mengi maishani, na walionifundisha kweli ni wale walioweza kuvumilia kuniona nakosea bila kuninyang'anya kitu mkononi.

Miaka mingi baadaye, nilipopata muda wa kusoma habari za mashine hizi, nikagundua kwamba historia yake nzima inaweza kusimuliwa kwa kiti kile. ENIAC, iliyotangazwa Marekani Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na valvu za kioo zipatazo 18,000. Waliopanga namna ya kuifanyisha hesabu walikuwa wanawake sita. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani ilimokuwa, kwa kuwa hawajapata kibali cha usiri. Walipewa michoro yake, wakaisoma mpaka wakaijua mashine ambayo hawajaitia machoni. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza ikafanya kazi barabara, na jioni ya karamu ya pongezi hawakualikwa. Nilisoma habari hiyo dukani, nikaacha kusoma, nikatoka nje kidogo.

Walimu wawili wa hisabati wa chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, John Kemeny na Thomas Kurtz, ndio ninaowakumbuka zaidi. Wakati wao mwanafunzi hakuigusa kompyuta. Alitoboa kadi, akampa mhudumu, akaenda zake, akarudi baadaye kuchukua majibu, na kama amekosea nukta moja anaanza upya. Wao wakaona kwamba wanafunzi wengi wa chuo chao hawasomi sayansi, tena ndio watakaokuja kuwa mameneja na wabunge watakaoamua mambo ya kompyuta bila kuwahi kuigusa. Basi wakatunga lugha ya maneno machache ya kawaida, wakaiita BASIC, na pamoja na wanafunzi wao wakatengeneza njia ya mashine moja kuwahudumia watu wengi kwa zamu za haraka, kama mama ntilie mmoja anayezungukia meza zote na kila mteja akadhani amehudumiwa peke yake. Programu za kwanza zilifanya kazi Mei 1, 1964, saa 10 alfajiri. Baada ya hapo mwanafunzi wa historia aliweza kuingia na kuketi kama aingiavyo maktaba, bila kuulizwa una shida gani. Walikuwa na sababu zote za kubaki walinzi wa mlango, maana mlinzi huheshimiwa, lakini waliinuka.

Bei nazo zikashuka, na wengi husimulia habari hii kama habari ya bei tu. Altair ya mwaka 1975 ilikuja vipandevipande, uiunganishe mwenyewe. Apple II ikatoka 1977, na miaka miwili baadaye ikapata VisiCalc, jedwali lililowafanya wahasibu waitamani kompyuta kwa shida zao wenyewe. IBM ikaleta yake Agosti 1981, kuanzia dola 1,565. Ni kweli, bila bei kushuka tusingefika popote. Lakini pale Morogoro mashine ilikuwa ndani, imeshalipiwa, na bado watu 40 wa ofisi ile walipita mbele ya mlango wake kila siku kama wanapita mbele ya chumba cha mgonjwa.

Mmoja wao alikuwa tarishi wetu. Mzee mpole, mwenye baiskeli ya ofisi na mkoba wa turubai wa barua. Alijua kusoma kwa shida, alijifunza ukubwani katika madarasa ya kisomo. Jioni moja wote wameondoka, nikasikia mtu anavua ndala mlangoni. Akaingia taratibu, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, akasimama mbali na meza.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu niandike jina langu humo nilione."

Nikamjibu, "Mzee, hii mashine si ya kuchezea."

Sikuwa na haraka, kazi ilikuwa imeisha na kitambaa cha kufunikia nilikuwa nimekishika mkononi. Ingechukua dakika moja. Angeweza kuandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, nami nikasimama kama nilivyosimamiwa. Lakini nilikuwa nimeonja kuwa mtu pekee anayeruhusiwa, na utamu ule sikutaka kuugawa. Akasema, "Haya, mama." Akachukua ndala zake.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa na watu kupunguzwa kazi. Barua za ofisi yetu nilizichapa mimi. Kompyuta iliirahisisha kazi ile kupita kiasi: barua moja tu, unabadilisha jina na tarehe ya kuajiriwa, unabonyeza Shift na F7, na printa ya sindano inaanza kulia kwa mlio wake wa kukereza, karatasi inajikunja nyuma yake na vile vitobo vya pembeni. Ndivyo jina la mzee lilivyoingia kwenye mashine. Alipokuja kuchukua barua yake aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole polepole juu ya mstari wa kwanza.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mzee."

"Limekaa vizuri," akasema.

Mwaka uliofuata nilipunguzwa mimi. Kiinua mgongo kikanunua taipureta moja, na baadaye kompyuta iliyotumika, nikafungua steshenari. Nimekuwa hapa tangu wakati huo, na kupitia mlango huu nimeyaona mengine yote. Niliona migahawa ya intaneti ikifunguliwa mjini, vijana wakilipa kwa nusu saa kusubiri ukurasa mmoja ufunguke. Mtandao wa wavuti wenyewe ulikuwa umeshatolewa bure kwa dunia nzima. Maabara ya CERN ilitangaza Aprili 30, 1993, kwamba yeyote anaweza kuutumia bila malipo. Kilichotugharimu sisi ni njia ya kuufikia, maana tulipitia satelaiti mpaka Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, nami niliyapata kama mfanyabiashara, kwa furaha.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya bure. Nikaiweka kwenye mashine yangu moja. Mama mmoja mwenye duka la vitenge aliyekuwa akija kuandikiwa bei zake alinyoosha kidole kwenye skrini akasoma kwa sauti, "Hifadhi." Akageuka akaniuliza, "Kumbe nayo inajua kuhifadhi?" Siku ile alivuta kiti bila mimi kumwambia, akaandika orodha yake yote ya bei. Kumbe mlinzi mwingine wa mlango alikuwa ni lugha, na miaka yote ile sikumwona, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshapita. Wengi wa wateja wangu vijana hawakuitaka programu ile. Walisema kazini watakuta ya Kiingereza. Niliwaelewa, na niliumia.

Kisha kompyuta ikaingia kwa watu kwa mlango ambao sikuutazamia kabisa. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ile ya tochi, na ulimwenguni ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Sisi tuliziita vitochi tukadhani ni simu tu. Lakini M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, mtu aliyekuwa hajawahi kukaa mbele ya skrini alianza kuagiza mashine iliyo mbali ihamishe fedha, akiongozwa na orodha ya Kiswahili kwenye kioo cha ukubwa wa vidole viwili. Bibi anayeuza mchicha ana akaunti yenye nambari ya siri. Hakuvua viatu mahali popote, hakuomba kibali. Mpaka leo nikiliwaza hilo napata msisimko.

Ndiyo maana kijana wa bahasha alinitia uchungu. Tumefika mahali ambapo kila mtu ana mashine mfukoni, na bado anakuja mwenzake kumshikia ufunguo. Safari hii hakuna amri ya serikali wala chumba cha kiyoyozi. Tunafanya hivyo kwa haraka tu, na kwa huruma pia, tukidhani tunamsaidia.

Siku ile tulifungua anwani mpya. Nilizunguka kaunta, nikavuta kiti, nikamwambia akae. Alichapa kwa kidole kimoja cha shahada. Ile alama ya a iliyozungushiwa aliitafuta mpaka nikauma midomo. Wakafika wengine, mmoja akaanza, "Mama, tutachelewa." Ilipofika kwenye nywila niligeuka nikatazama ukutani kwenye kalenda, yeye akaandika, akakosea, akaandika tena. Ilimchukua karibu saa nzima kwa kazi ambayo ningeimaliza kwa dakika 15.

Tangu hapo nimejiwekea kwamba mteja wa fomu ndiye anayekaa. Kuna siku nashindwa, tena nyingi. Siku ya mwisho ya maombi, mtandao ukiwa mzito na watoto wa watu wamejipanga mpaka barabarani, narudi kitini mwangu nawajazia wote, na jioni napanga karatasi nikiwa na dukuduku moyoni. Lakini daftari la nywila za wateja, kila mtu mwenye duka kama langu analijua daftari hilo, nimelichoma.

Shangazi yangu yuko Kilosa, hajui kusoma kabisa. Kwa miaka pesa tunazomtumia alikuwa akitolewa na mjukuu wake, na nambari ya siri aliijua mjukuu, jirani na mwenye duka. Hakuna aliyemwibia, ni watu wema. Krismasi iliyopita nikalala kwake siku nne. Nikampa kitochi chake gizani, umeme umekatika, nikamwambia apapase katikati ya vitufe. Hapo kwenye tano pana kidoti kilichoinuka, kidogo kama chembe ya mtama.

"Nimekipata," akasema.

"Hapo ndipo nyumbani, shangazi. Kutoka hapo unajua juu, chini, kulia, kushoto. Chagua mwenyewe pa kupita. Usiniambie."

Alikaa nacho siku tatu, kidole kikienda na kurudi, kama nilivyokuwa Tabora chini ya kile kitambaa. Siku ya nne tukaenda kwa wakala pamoja. Mjukuu akatangulia kunyoosha mkono, shangazi akakishikilia kitochi chake. Akatugeuzia mgongo wote, mimi nikiwemo, akavuta khanga ikafunika simu na mikono. Tukasubiri. Mlio wa kwanza ukasikika, kimya kirefu, wa pili, kisha wa tatu na wa nne ikafuatana.